UZI: Treni ya ghorofa kwenye midahalo, na maswali ambayo hayaulizwi

1. Haya ni mazungumzo niliyotoa nyumbani Bodo Jumamosi jioni, baada ya ile video ya mdahalo kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema. Masharti ya ukurasa huu mnayajua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukija na majina kwenye maoni, wenzako watakujibu, si mimi.

2. Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi mliotoka baharini hata nyumbani hamjafika, ahsanteni kwa kuja. Mwanijua, mimi ni mtoto wa hapa hapa, nasomea sayansi ya siasa chuo kikuu. Sikuja kuomba kura wala kumuombea mtu. Nimekuja kuzungumza juu ya treni.

3. Najua mwacheka. Treni, Bodo? Lakini video mmeiona. Mgombea mmoja anasema wakaazi wa mjini wataletewa mabehewa mapya ya ghorofa, watu wakae juu na chini, foleni za barabarani ziishe. Ukumbi ukapiga makofi. Mwenzake akajibu kwamba hayo mabehewa ni mitumba ya Ulaya. Ukumbi ukapiga makofi tena. Muda wote ule, hakuna hata mmoja aliyesema treni hiyo itapita wapi, itasimama dakika ngapi, na ikiharibika itatengenezwa na nani.

4. Mama mmoja hapa aliniuliza kabla sijaanza: "Mwanangu, hiyo treni itafika Bodo?" Nimjibu mbele yenu. Hapana, mama. Reli inapita kaunti yetu ya Kwale, lakini upande wa bara: Samburu, Taru, Mackinnon Road. Huku kwetu, kuanzia Diani hadi Msambweni na kushuka Lunga Lunga, hakuna reli ya abiria. Wazee hapa wanaikumbuka ile reli ndogo ya kubebea miwa ya Ramisi. Kiwanda kikafungwa 1988, na reli yake ikaisha nacho.

5. Sasa mtauliza, basi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza ni pesa. Tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Bidhaa nyingi zinazofika madukani kutoka nje zimeupitia ushuru huo. Kwa hivyo mtu wa Bodo ambaye hajawahi kukanyaga behewa anachangia reli kila anaponunua kitu. Ukichangia, una haki ya kuuliza.

6. La pili ni safari zetu. Barabara ya Dongo Kundu imetuunganisha na Miritini bila kupanda feri. Miritini ndipo ilipo stesheni ya SGR, na serikali imekuwa ikifufua reli ya zamani kati ya Miritini na stesheni ya Mombasa mjini. Treni haitatufuata Bodo, lakini sisi twaweza kuifuata. Shangazi yangu huenda kliniki mjini kila mwezi, na magoti yake yanamsumbua. Nikisikia neno "treni ya ghorofa", wa kwanza ninayemfikiria ni yeye na zile ngazi.

7. Kabla ya siasa, tuelewane kitu chenyewe. Behewa la ghorofa si behewa la kawaida lililowekewa paa la pili. Sakafu ya chini inashushwa katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na sakafu ya juu inakaa juu yake. Hata hivyo linakuwa refu kwenda juu. Mabehewa ya ghorofa ya Ujerumani yana kimo cha karibu mita 4.6, na behewa la kawaida la Ulaya ni kama mita 4 hivi. Hiyo tofauti ya nusu mita ndiyo yenye maneno.

8. Hapa Bodo tuna mafundi wa mashua. Mwambie fundi, "Nitengenezee chombo cha watu arobaini." Hatakuuliza rangi kwanza. Atakuuliza kitapita wapi. Kitatoka maji yakiwa yamejaa tu, au hata yakipwa? Kitaingia kwenye mikoko au kitabaki nje? Chombo cha watu arobaini kinachokwama kwenye mchanga nusu ya siku ni hasara, hata kikiwa kipya. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Na reli ni vivyo hivyo: njia hupimwa kwanza, behewa hununuliwa mwisho.

9. Msidhani nchi tajiri hazikosei. Mwaka 2014 Ufaransa iligundua kwamba treni mpya za mikoani ilizoagiza, baadhi yao za ghorofa, ni pana kuliko nafasi iliyopo kwenye majukwaa ya stesheni nyingi za zamani. Vipimo vilivyotumika vilifaa stesheni za miaka ya karibuni. Ilibidi majukwaa kama 1,300 yachongwe kingo, kwa gharama ya karibu euro milioni 50.

10. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Uhispania. Treni 31 zilizoagizwa kwa mikoa ya Asturias na Cantabria, mkataba wa euro milioni 258, zilionekana ni kubwa kuliko mahandaki ya huko. Bahati yao kosa lilionekana kwenye michoro, kabla treni hazijaundwa. Lakini miaka ilipotea, na wakubwa wawili wakaacha kazi. Zingatieni hapo: hakuna aliyeiba kichwa cha treni. Watu hawakupima tu.

11. Kwa hivyo swali la kwanza kwa mgombea yeyote ni hili: hiyo njia imepimwa? Madaraja yanayopita juu ya reli yana kimo gani? Kuna waya wa umeme juu? Jukwaa la stesheni liko sawa na mlango, au abiria ataruka? Reli yetu ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ina upana wa milimita 1,000 baina ya vyuma viwili. SGR ina milimita 1,435. Mtu akisema "treni za ghorofa" bila kutaja ni za reli ipi, bado hajasema kitu.

12. Kuna kijana amesema reli nyembamba haiwezi kabisa kubeba ghorofa. Si kweli. Japani wanazo, kwenye reli ya milimita 1,067. Treni nyingi za kuzunguka Tokyo zina mabehewa mawili ya ghorofa katikati, ya watu wanaolipa zaidi ili wapate kiti. Lakini ona walivyofanya: mawili tu, na yaliyobaki ni ya kawaida yenye milango mingi. Wao walipima kwanza.

13. Swali la pili ni la milango. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, na sisi watu wa matatu twalijua vizuri. Wewe umekaa kiti cha nyuma kabisa, unashuka Mwabungo. Makanga anagonga, gari linasimama. Wa mbele yako ainuke, mwenye gunia alisogeze, mama aliyepakata mtoto ashuke kwanza akupishe, halafu wote wapande tena. Gari ni moja, watu ni kumi na wanne, na dakika mbili zimekwenda. Ubaya wa gari hilo hauko kwenye viti. Mlango ni mmoja.

14. Sasa tazama feri ya Likoni. Inameza umati na kuutema ng'ambo ya pili kwa muda mfupi. Kwa nini? Kwa sababu mdomo wake ni mpana. Watu wanatoka kwa mkupuo, kama maji. Behewa la ghorofa ni kinyume chake: watu wengi zaidi, ngazi mbili nyembamba, milango ile ile. Wa juu anashuka, wa chini anapanda, wanakutana kwenye ngazi.

15. Waingereza walijaribu mwaka 1949. Waliunda treni mbili za ghorofa za kupeleka watu kazini London, za njia ya Dartford. Madaraja yao ni ya chini, basi ghorofa ilibanwa hadi madirisha ya juu hayakufunguka. Na pale stesheni abiria wakachelewa kupanda na kushuka. Zile treni mbili zilifanya kazi mpaka 1971, lakini hawakuongeza nyingine. Walichagua kurefusha treni za kawaida.

16. Sydney, Australia, ni mji wa treni za ghorofa tangu miaka ya 1960. Lakini walipofungua njia mpya ya metro mwaka 2019 waliweka treni zisizo na ghorofa, zenye milango zaidi, zinazopita mara kwa mara. Na Paris, njia yao kubwa inayoitwa RER A sasa ni ghorofa tupu. Ila walifanya akili: kila behewa lina milango mitatu mipana kila upande. Unaona? Sisemi ghorofa ni mbaya. Nasema ghorofa bila hesabu ya milango ni maneno.

17. Tupige hesabu, wale wa shule mnisaidie. Hizi ni nambari za mfano tu, nimezitunga ili tuelewe. Treni ya kawaida inabeba watu 1,000. Inapita kila dakika 3, yaani treni 20 kwa saa. Hao ni watu 20,000. Treni ya ghorofa inabeba 1,400, lakini inachelewa stesheni, basi inapita kila dakika 4. Treni 15 kwa saa. Hao ni watu 21,000. Umeongeza viti 400 kwa kila treni, lakini umepata watu 1,000 tu kwa saa nzima.

18. Na ikichelewa zaidi, ikawa kila dakika 5? Treni 12 kwa saa, mara 1,400. Ni watu 16,800. Umenunua treni kubwa, ghali, yenye picha nzuri, na sasa unabeba watu wachache kuliko jana. Mtu kwenye jukwaa la siasa atakuhesabia viti. Wewe mwambie ahesabu watu wanaofika kwa saa moja.

19. Lakini tuwe waadilifu, kwa sababu hesabu hiyo inageuka pia. Kama njia ina treni mbili asubuhi na mbili jioni tu, dakika moja ya kuchelewa stesheni haina neno. Hapo treni kubwa yaweza kuwa na faida. Vile vile safari ndefu yenye vituo vichache: mtu anapanda, anakaa saa kadhaa, anashuka. Hapo ghorofa inafaa sana.

20. Mfano ni majirani zetu. Tanzania ilileta mabehewa ya ghorofa kwa SGR yao ya umeme, reli ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Mabehewa hayo yalitoka Ujerumani, yalikuwa yametumika huko na yakakarabatiwa. Mitandaoni kukawa na vita: mapya, mitumba, mapya, mitumba. Swali la faida zaidi lilikuwa jingine: yanafaa safari hiyo? Kwa njia ndefu, reli pana na vituo vilivyo mbalimbali, hoja ya ghorofa ina miguu. Ukiitoa hoja hiyo hiyo Dodoma ukaileta kwenye treni ya kusimama kila baada ya kilomita mbili, inapoteza miguu njiani.

21. Hilo la mitumba nalo tulimalize. Mwaka 2020 Kenya ilileta treni za abiria 11 za Nairobi zilizokuwa zimetumika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Kelele zikawa zile zile. Lakini Mallorca wana reli ya milimita 1,000 kama yetu ya zamani. Kwa hivyo kwa upande wa kuingia kwenye njia, zilifaa. Kitu kilichotumika na kinachotoshea chaweza kukufaa kuliko kipya kisichotoshea. Ila kilichotumika kina maswali yake: umri gani umebaki, vipuri vinatoka wapi, bei ni ya haki? Hayo ndiyo ya kubishania. Neno "mitumba" peke yake ni tusi tu, si hoja.

22. Swali la tatu ni la shangazi yangu. Yeye hapandi ngazi. Kwenye behewa la ghorofa nafasi yake ni pale mlangoni au sakafu ya chini, na mara nyingi sakafu ya chini nayo ina ngazi za kushukia. Mwenye kiti cha magurudumu, mjamzito, mama mwenye ndoo ya samaki, wote wanagombea nafasi ile ile ndogo. Mgombea akitaja viti, muulize: vingapi vinafikika bila kupanda wala kushuka ngazi?

23. Mzee mmoja nyuma pale ameuliza, "Na mtu akifika hiyo stesheni, atafikaje anakokwenda?" Mzee, hilo ndilo swali la nne, umenitangulia. Treni inayokushusha mahali pasipo na gari imekutupa. Nauli ya bodaboda mpaka barabarani, matatu mpaka stesheni, treni, kisha tuktuk mpaka hospitali: hizo ni nauli nne. Treni ikiwa rahisi lakini hizo nyingine tatu zikabaki palepale, shangazi hajaokoa kitu. Ratiba ya treni na ya magari zikiwa hazijuani, hata muda hajauokoa.

24. Swali la tano ni la karakana. Kila aina mpya ya treni inataka vipuri vyake, mafundi wake, na banda refu la kuingia ghorofa nzima. Hapa twalijua. Mashine ya boti ikija ya aina ngeni, siku ya kwanza ni picha, mwaka wa pili iko chini ya mwembe kuku wanatagia. Muulize mgombea bajeti ya matengenezo ya mwaka wa tano. Siku ya uzinduzi kila mtu ataiona. Mwaka wa tano yeye labda hayupo ofisini.

25. Sasa niwaambie nilichosomea hasa. Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, inagawa kazi. Reli ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa barabara za kaunti, usafiri wa umma wa barabarani, maegesho, na vivuko na bandari isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na za kimataifa. Kwa hivyo mtu anayegombea wadi akikuahidi treni, anakuahidi kitu kisicho mkononi mwake. Lakini akikuahidi stendi nzuri ya matatu, au taa za barabarani, hapo mshike. Hayo ni ya kaunti, naye ndiye atakayekaa kwenye bunge la kaunti kuyapitishia bajeti.

26. Na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya kuitekeleza haki hiyo ilipitishwa 2016. Maana yake, kikundi cha vijana wa Bodo kinaweza kuandika barua na kuuliza: njia hii imepimwa lini, ripoti iko wapi, tuione. Huhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji kujua cha kuuliza, na kutokubali kujibiwa kwa makofi.

27. Kijana mmoja akaniambia, "Lakini ndugu, wewe ukiuliza hivyo wataona unapinga maendeleo." Nimelifikiria hilo tangu Jumamosi. Nilimjibu hivi: nenda kwa fundi umwagize mashua, kisha umkataze kupima. Akikubali, huyo si fundi. Anayeitaka treni kweli ndiye wa kwanza kuchukua futi. Anayetaka picha ya treni ndiye anayeudhika ukimuuliza vipimo.

28. Nimalize, maana maghrib inaingia. Mkisikia tena treni ya ghorofa, au feri mpya, au mabasi ya umeme, msiulize kwanza ina ghorofa ngapi. Ulizeni: inatoshea njia? Inapakia na kushusha kwa muda gani? Mtu wa magoti mabovu ataingia? Ukishuka unaendeleaje? Mwaka wa tano nani anaitengeneza? Ni maswali matano, hata vidole vya mkono mmoja vinatosha.

29. Baada ya hapo tulikaa kidogo. Yule mama wa kwanza akaniita kando, akasema, "Basi hiyo treni mwanangu, hata isipofika hapa, wajenge stesheni yenye kivuli na choo." Nimesoma miaka mitatu na hilo sikuliandika kwenye karatasi yangu. Nimeliongeza. Sasa maswali ni sita.

30. Mwisho wa uzi. Kama unaishi Nairobi na unapanda treni ya asubuhi, au uko Dar na umeshakaa kwenye behewa la ghorofa, tuambie hapa chini: ilisimama muda gani stesheni, na mlango ulikuwaje. Uzi ujao: nani hasa ana mamlaka juu ya feri, kaunti au serikali kuu? Huo utakuwa mrefu, njooni mmeshakula.